Jengo Lililopumua Ijumaa

Dada yangu alikuja Garissa na mkoba mmoja na kifua kibovu. Mifugo yake ilikuwa imekwisha kwa ukame kule Hulugho, na mume wake alikuwa amefariki kabla ya mifugo, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumshikilia. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu. Wengine wote tumewazika. Nilimwambia kwa simu, "Njoo tukae pamoja, tuzeekee mahali pamoja. Hospitali iko karibu, na nyumba ni mpya, haina joto." Hayo ndiyo maneno niliyomwitia, na wakati nikiyasema yalikuwa kweli. Watu wanakuja kuipiga nyumba hii picha na kuisifu. Mimi nitaandika jinsi ilivyomtoa dada yangu ndani yake.

Kiwanja ni cha marehemu mume wangu. Tulikaa hapo miaka yote kwenye nyumba ya mabati, na watoto wangu wote walikulia hapo. Alipokufa, kijana wangu mkubwa, anayefanya kazi Nairobi na watu wa ujenzi, akaja na maneno ya ghorofa. Baba zake wadogo walitaka ghorofa ya vioo kama zile za barabara kubwa. Yeye akakataa.

"Hooyo," akaniambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama, "zile nyumba zinajengwa kama tuko Ulaya. Kioo mbele, jua linaingia lote. Halafu mtu ananunua mashine ya baridi. Stima ikipotea anakaangwa."

Hilo alisema kweli. Nimeingia kwenye nyumba za vioo kuhani msiba, na nimetoka nguo zikinishika mgongoni kama nimetoka mtoni. Nikamwambia ajenge anavyojua.

Akamleta binti wa ramani kutoka Nairobi. Hakuwa Msomali wala Mwislamu, lakini kila alipokuja alijifunga shela vizuri, na alikula tulichokula bila kukikagua. Mimi mtu wa namna hiyo simchukii. Alikuja na nyumba ndogo ya kadibodi, unaondoa paa na kuchungulia ndani kama unavyofunua sufuria. Akatueleza. Pande nyembamba za nyumba zitatazama jua linapotoka na linapozama, ili liichome kidogo. Upande mpana utaukabili upepo wa kusi. Matofali yatakuwa ya udongo wa hapahapa, yanashindiliwa kwa mashine na saruji kidogo, ukuta mnene. Juu ya paa paa jingine, ili jua lipige la juu na la chini libaki kivulini. Maji ya mvua yataingia kwenye tangi chini ya ua. Na katikati ya nyumba, kutoka chini mpaka juu, kutakuwa na nafasi tupu kama kisima kilichosimama juu ya ardhi, na ngazi na korido zikizunguka kando yake. Upepo utaingia kwa matundu ya ukuta wa nje, utapita sebuleni na jikoni, utatokea kwa matundu ya upande wa korido, na hewa ya moto itapanda kwenye kile kisima itoke juu.

"Hamtahitaji mashine hata moja," akasema.

Baraza la kuikubali ramani lilifanyika uani kwetu. Wanaume kwenye viti, sisi wanawake kwenye mkeka kando. Wanaume wakashika habari ya maji. Binti alikuwa amechora kwamba maji ya kuogea yasipotee, yateremke yasafishe vyoo. Shemeji yangu mkubwa akauliza, na maji ya udhu je? Maji mtu aliyojitayarishia nayo sala, yapelekwe chooni? Hapo waliongea mpaka chai ikapoa, wakaitwa wenye elimu ya dini, huyu akisema haina neno, yule akisema ina neno. Mwisho binti akachukua kalamu akachora bomba lake peke yake, maji ya udhu yaende kwenye mipapai. Wote wakafurahi. Wakasema huyu binti anasikia.

Ndipo akageuka upande wetu. "Na nyinyi akina mama? Nyinyi ndio mtakaa ndani mchana kutwa. Kuna kitu hampendi?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tumekwisha kuiona ile nyumba ya kadibodi. Mke wa shemeji yangu alikuwa ametia kidole kwenye tundu la ukuta, kikatokea ndani, akanitazama. Nyumbani kwake mwanamke anavua shela. Anakaa na dira, lile gauni letu jepesi, kichwa wazi, anasuka nywele, anajipaka mafuta miguuni. Matundu yale, upande mmoja yalitazama barabara, upande wa pili korido ambayo kila mwanamume wa jengo atapita. Sote tulilijua hilo. Lakini useme vipi? Shemeji zangu hawajawahi kunisikia nikitaja hata nywele zangu. Nianze siku hiyo, mbele ya viti vile, na mgeni akiandika?

"Alhamdulillah," nikasema. "Ni nzuri."

"Nzuri, nzuri," wakaitikia wenzangu.

Binti akatabasamu, akaandika. Hata leo mkinirudisha kwenye mkeka ule, mbele ya wanaume wale, nitajibu vilevile. Na wala hatukuwa na wasiwasi. Tundu dawa yake ni pazia, nani hajui? Alikuwa ametueleza habari ya upepo, lakini sisi tulielewa kwamba matundu ni jambo mojawapo la nyumba, kama rangi, unaweza kuwa nalo au usiwe nalo. Hatukuelewa kwamba matundu ndiyo nyumba yenyewe.

Nyumba ikasimama, ghorofa nne. Mimi nikapewa ghorofa ya kwanza, nikae na wajukuu wangu, watoto wa binti yangu aliyefariki, ambao nawalea na wanasoma shule ya jirani. Wapangaji walikuwa bado wachache. Nitasema haki: sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale miezi ile ya mwanzo. Nje jua la saa nane linamtoa mbuzi ulimi, na mimi ndani nimejifunika shuka. Upepo ulikuwa unaingia wenyewe, unapita, unaondoka. Nikampigia dada yangu.

Alifika mvua za vuli zikiisha. Nilimtandikia karibu na ukuta wa matundu, akalala mchana ule wote kama mtoto aliyeshiba. Kifua chake kilikuwa na mluzi, unausikia anapotoa pumzi, lakini baada ya muda mluzi ukapungua. Tulikuwa tunakaa pale tunazungumza habari za watu waliokufa, tukibishana nani alimwoa nani. Alikuwa na ulimi. Akiniona natumia ule mfereji wa jikoni ananiambia, "Abaayo, umekuwa mke wa mkuu wa wilaya." Abaayo ni dada kwetu. Nikimwambia anywe dawa ananiuliza nimesomea wapi udaktari, maana mimi kusoma kwenyewe nimejifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na sijafika mbali.

Halafu nyumba ikajaa. Na ng'ambo ya barabara, kuelekea ule upande mpana, mtu akafungua kibanda cha miraa. Wanaume wakawa wanakaa pale tangu alasiri, viti vimepangwa vikitazama kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kwenye kivuli cha kupendeza macho. Mtu anayetafuna miraa hana kazi nyingine isipokuwa kutazama.

Mwanamke wa ghorofa ya tatu alianza na blanketi. Wa juu yake akaweka turubai. Mimi nikatundika pazia zito, la kitambaa cha makochi, upande wa barabara na upande wa korido, siku ileile niliyomwona mtu wa miraa akimwonyesha mwenzake kidole madirishani kwetu. Nilikuwa wa kwanza kwenye ghorofa yangu. Dada yangu mwenyewe alinishikia misumari. Ilipofika kiangazi, ile jilaal yetu kali ya mwanzo wa mwaka, hapakuwa na tundu lililobaki wazi nyumba nzima. Wengine walikuwa wameziba kabisa kwa saruji.

Nyumba ikafa. Sina neno jingine. Kuta zile nene, zilizokuwa zinazuia joto lisiingie, sasa zilizuia lisitoke. Moshi wa chapati za jirani ulikuwa unaingia kwangu na kukaa. Waliokuwa na uwezo wakaleta zile mashine za baridi ambazo tuliambiwa hatutazihitaji, na mgongo wa kila mashine ukatazama korido, ukipuliza hewa ya moto kwenye kile kisima ambacho kazi yake ilikuwa kuitoa. Haikupanda. Ilishuka kwetu.

Mluzi wa dada yangu ukarudi. Kwanza mchana tu, baadaye mchana na usiku. Akawa analala amekaa, mito mgongoni, mdomo wazi.

"Abaayo," aliniambia siku moja, "umeniita mpaka huku uje unioke?"

"Nyamaza. Mtu wa Hulugho unalalamikia joto?"

"Joto la kwetu linatembea. Linakuja, linakwenda kwa jirani. Hili lako limekaa kitako, kama mgeni anayengoja chakula."

Tukacheka, akakohoa, kicheko kikaishia hapo.

Nikampeleka hospitali. Daktari akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akasema akae mahali penye hewa. Nikamwambia daktari anaandikia maji mtu aliyeko jangwani. Hakucheka. Alikuwa na watu wengi nje.

Nikampigia kijana wangu simu nikamwambia mambo mawili, kwamba nyumba yake imekuwa jiko na kwamba mama yake mkubwa hapumui. Yale ya sitara sikumweleza, yeye ni mwanangu. Nilimwambia amlete yule binti, na amlete peke yake.

Binti alipofika alisimama barabarani akitazama juu, blanketi, turubai, makadibodi, gunia la sukari, na akaweka mkono mdomoni. Nikamshika mkono nikampandisha kwangu, nikafunga mlango. Wanawake wa jengo walikuwa wamejaa sebuleni. Hakukuwa na mwanamume, na maneno yakatoka kama maji ya tangi lililopasuka. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi harusi wa mwaka jana aliyeletwa kutoka Lafey, msichana mwenye mdomo, alitoka koridoni akajifanya mwanamume anayepita. Akatembea na tumbo mbele, akasema "Hodi, hodi," huku shingo imepinda kwenye tundu kama ngamia kwenye mti. Tukacheka mpaka machozi. Dada yangu naye alicheka, pole pole, kwa kuogopa kifua.

Binti hakucheka. "Kwa nini hamkuniambia? Niliwauliza."

"Ulituuliza mbele ya nani?" akasema yule wa Lafey.

Binti akafungua daftari lake akatazama aliyoandika siku ile. Sikumwonea raha, alikuwa ametufanyia kazi kwa moyo, na kuuliza aliuliza. Baadaye akasema kuna njia. Mbao nyembamba zipangwe kwenye matundu kwa mshazari, upepo uteleze juu yake uingie, lakini jicho likija likutane na ubao. Ila akatuonya. Lazima nyumba zote zifanye hivyo, na walioziba wazibue, na mashine ziondoke koridoni. "Hii nyumba inavuta pumzi moja," akasema. "Wa juu akifunga, wa chini anakosa."

Akaenda kuwaambia wanaume. Wanaume wakakaa baraza. Sisi hatukuitwa. Nilipata habari kwa kijana wangu: shemeji yangu mkubwa aliuliza kama wanawake wamekwisha kutundika mapazia yao, basi tatizo liko wapi? Na hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ni miili ya wake zao. Wakasema jambo hilo lingoje mpaka baada ya Ramadhani, au baada ya mvua, litazamwe tena.

Dada yangu hakuwa mtu wa kungoja mpaka baada ya mvua. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nikajifunga shela nikaanza kupanda ngazi, mlango kwa mlango, na magoti yangu haya. Wengine waliniambia inshallah, kwa ile sauti ambayo maana yake ni hapana. Yule wa Lafey alinifungulia akiwa ameshika mwiko.

"Ayeeyo," akaniita, bibi, "wewe fungua matundu yako. Nani atakutazama? Hata watafuna miraa watageuza uso."

"Mdomo wako mrefu kuliko hizi ngazi."

"Wallahi nasema kweli. Lakini mimi mume wangu akisikia mtu ameniona, sitalala hapa. Nitarudi Lafey na lori la kwanza."

"Dada yangu atakufa."

Akaacha kucheka. Akasimama na mwiko wake, mchuzi unadondoka sakafuni. Kisha akasema, "Ijumaa."

"Ijumaa nini?"

"Ijumaa adhuhuri wanaume wote wanakwenda msikitini. Baba, mtoto, mlinzi, wote. Hata wale wa miraa wanaona haya kubaki. Barabara inakuwa tupu. Tunaweza kufungua mpaka watoke."

Yeye ndiye aliyewazungukia wenzake. Ijumaa ile, adhana ilipolia, tulisikia milango ikifungwa, viatu kwenye ngazi, salamu za wanaume, manukato yao, halafu kimya. Msichana wa Lafey akateremka akafunga geti la chini kwa ndani, akakaa hapo kwenye ngazi na ufunguo mapajani. Akapiga kelele, "Wamekwenda!"

Mapazia yakafunguliwa. Blanketi zikaanguka juu ya sakafu, turubai likakunjwa, mashine zikazimwa, na waliokuwa wameziba kwa saruji wakaacha milango na madirisha wazi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Nikasema moyoni, tumechelewa, nyumba imekwisha kufa. Kisha karatasi ya mtoto ikasogea sakafuni yenyewe. Kisha ncha ya shuka. Kisha upepo ukaja wote, ukapita sebuleni kwangu ukanipiga shavuni, ukaenda jikoni, ukatoka koridoni, na tukausikia ukipanda kile kisima na mvumo mdogo, kama mtu mzima aliyetua mzigo.

Wanawake walitoka koridoni vichwa wazi. Kwenye ghorofa zote nne walikuwa wameegemea ukuta mdogo wa korido, wakiitana juu na chini, nywele zikipeperuka. Nilikuwa sijui jirani yangu ana mvi. Mmoja alileta kitana, wakaanza kusukana. Mimi sikukaa nao. Nilikaa na dada yangu. Alikuwa ameelekeza uso kwenye matundu na kufumba macho, na mluzi wake ukashuka, ukashuka, ukawa mwembamba, akalala. Alilala amelala, chali, kama mtu. Nikakaa nikimtazama tumbo likipanda na kushuka mpaka nikasikia msichana wa Lafey akipiga kelele chini, "Wametoka! Wametoka!" Mapazia yakateremka kuanzia ghorofa ya juu mpaka ya kwanza. Niliacha la kwangu mpaka mwisho, mpaka nikasikia viatu vya kwanza kwenye ngazi. Nilipolivuta pazia dada yangu akaamka.

Tulifanya hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Wanaume hawakujua, au walijua wakanyamaza. Dada yangu akaanza kuhesabu wiki kwa Ijumaa. Jumamosi alikuwa na nguvu kidogo. Kufika Jumatano alikuwa hasemi, anainua kidole tu akitaka maji. Na mimi nikajidanganya kwamba tukivumilia hivyo hadi mvua zije, tutavuka.

Siku moja, Jumapili, baada ya chai, akaniambia anarudi Hulugho. Mtoto wa mume wake, aliyezaliwa na mke mwenza, amesema atampa mahali uani kwake.

"Unakwenda kufa," nikamwambia. "Huko hakuna hospitali ya maana."

"Hapa hospitali ipo, na ninakufa jirani yake."

"Ngoja mvua. Mbao zitawekwa. Binti amesema..."

"Abaayo, mtu hawezi kupumua Ijumaa peke yake."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia hana shukrani, kwamba tangu utotoni akiona kazi ngumu anainuka na kuondoka. Nilimwambia huyo mtoto wa mke mwenza atamchoka kabla ya mwezi kuisha. Aliniacha nimalize. Ndio ubaya wa mtu asiye na pumzi, hawezi kugombana nawe, unabaki na hasira yako mwenyewe mkononi.

"Basi twende wote," akasema nilipomaliza.

"Na watoto hawa?"

Wajukuu wangu walikuwa sakafuni wakiandika kazi ya shule. Baba yao alioa kwingine, hawana mlango mwingine wa kugonga. Dada yangu akawatazama, akatikisa kichwa, hakulisema tena. Alijua kabla hajaniuliza.

Aliondoka na gari lililokuwa linapeleka unga na sukari, dereva akampa kiti cha mbele. Nilimshusha ngazi mimi mwenyewe, tukipumzika kila baada ya vidato vichache, yeye kwa kifua, mimi kwa magoti, na watu wakitupisha. Barabarani sikulia. Mimi si mtu wa kulia barabarani. Nilimwekea maji na dawa yake kwenye mkoba, nikamwonyesha dereva ile dawa inavyovutwa, nikamwambia asipite matuta kama mwenda wazimu. Dada yangu akashusha kioo. Nikadhani atanitania. Alisema tu, "Uingie ndani, jua kali," na gari likaondoka.

Mbao ziliwekwa mvua zilipokwisha. Kijana wangu ndiye aliyepata akili. Aliwaambia baba zake wadogo kwamba popo wanaingia kwa matundu na wataharibu kuta kwa mavi yao. Popo! Wakakubali siku hiyohiyo, wakatoa amri walioziba wazibue na mashine ziondolewe koridoni, eti zinavuta popo. Kila mwanamke wa jengo alijua, kila mwanamume nafikiri alijua, na hakuna aliyeaibika. Mafundi seremala wakaja, wakapanga zile mbao kwa mshazari kama binti alivyochora. Walipomaliza ghorofa ya mwisho, upepo ulirudi. Sasa unaingia siku zote. Watu wa miraa wanatazama mbao.

Nikampigia dada yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno: nyumba imepona, kitanda chako kiko palepale, kijana atatuma gari. Simu haikushika, nikarudia, ikashika. Alikuwa amesimama nje mahali penye mtandao. Akaniambia mvua imenyesha vizuri, mtoto wa mke mwenza amempa mbuzi wa kukamua, na kwamba mke wa huyo mtoto hajui kupika lakini anajaribu. Aliongea sana. Alimsema yule mwanamke kuhusu chumvi, akahama akasema habari ya kisima, akarudi kwenye chumvi. Alikuwa anatembea huku akiongea, nasikia mchanga chini ya viatu vyake.

Mimi nilikuwa sisikilizi maneno. Nilikuwa nasikiliza katikati ya maneno, pale anapovuta pumzi. Nilibana simu sikioni, nikawanyamazisha watoto kwa mkono. Hakukuwa na mluzi. Nilingoja aongee tena, nikasikiliza tena. Hakukuwa na kitu, pumzi tu, inaingia inatoka.

"Na huko?" akaniuliza. "Lile joto lako?"

Upepo ulikuwa unaipeperusha shela yangu.

"Ni lilelile," nikasema. "Kaa huko."

"Nilikuambia mimi," akasema, na akaendelea na habari za mbuzi wake.